Pampu Ilikuwa Inavuma

Mimi mdomo wangu hauna breki, na wanaonijua wanalijua hilo. Nimegombana na wauza vipuri, nimegombana na askari wa barabarani, nimegombana na mteja aliyeniambia nimwitie fundi mwanamume aje amwangalizie waya. Huyo nilimwambia afunge boneti yake akamtafute huyo mwanamume huko nje. Kwa hiyo mtu akiniuliza ilikuwaje siku ile mimi, mimi mwenyewe, nikanyamaza, namwambia akae chini asikilize. Nitaeleza tu ilivyokuwa.

Gereji ilikuwa ya baba yetu. Alipofariki alituachia sisi wawili, kaka yangu na mimi. Kaka ni fundi wa injini, mimi ni fundi umeme wa magari. Si pakubwa. Uwanja umeezekwa bati nusu, nusu unapigwa jua. Kuna shimo la kuingia chini ya magari, benchi la chuma, na kabati ambalo mlango wake tumeufunga kwa waya tangu kitasa kilipovunjika, na kila mwaka tunasema mwaka huu tutanunua kitasa.

Baba alituachia na sheria mbili. Ya kwanza: gari linalosumbua kuwaka asubuhi lazima lilale gereji, liwashwe kesho yake likiwa baridi, mbele ya macho yetu, ndipo lirudi kwa mwenyewe. Ya pili: fundi hakosolewi mbele ya mteja. Ukiona mwenzako amekosea, subiri mteja aende zake, halafu msemane mpaka mchoke. "Mteja akiwaona mnabishana," alikuwa akisema baba, "atadhani hamjui mnachofanya. Na hatakuwa amekosea."

Wateja walimwita kaka yangu Sikio. Alikuwa hafungui boneti kabla hajasikiliza. Anakwambia washa, anafumba macho, kichwa anakilaza upande, kisha anasema, "Plagi ya tatu." Unafungua, ni ya tatu kweli. Nimewahi kumwona akimpigia mluzi dereva anayejipitia zake barabarani: "Ndugu, mkanda wako huo haufiki Ijumaa!" Nilipojinunulia kile kifaa cha kuchomeka kwenye gari kikasoma hitilafu, alinicheka siku nzima. "Mdogo wangu, hicho kidude chako kinasoma. Mimi nasikiliza. Nani yuko karibu zaidi na mgonjwa?"

Hayo ni ya zamani. Miaka hii miwili mitatu ya mwisho mambo yalikuwa yameanza kubadilika, na mimi nilikuwa naona. Anacheka wenzake wakishacheka. Mtu akimsemesha kwa nyuma, hageuki. Mteja akieleza shida ndefu, yeye anatikisa kichwa, "Sawa, sawa, nimekupata," halafu anaanza kugusa mabomba kwa kiganja na kunusa moshi. Wifi yangu, mke wake, alikuwa akisema majirani zake hawana haja ya kununua redio, ya mumewe inawatosha mtaa mzima. Siku moja nilimuuliza, "Wifi, hivi kaka anasikia kweli?" Akanijibu, "Anasikia anachotaka, kama waume wote." Tukacheka, tukaendelea kuchambua mboga. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Hawakutuambia inakuwaje mkuu mwenyewe akiwa ndiye asiyesikia.

Sasa nije kwenye gari lenyewe.

Ilikuwa Jumanne mchana. Mwalimu aliingia na gari lake dogo jeupe, mkewe kakaa mbele, mkoba mapajani. Mwalimu alinifundisha hesabu darasa la sita, na kama leo najua kugawa umeme kwenye gari bila kuunguza kitu, basi viboko vyake vina mchango. Mkewe tunamwita Mama Mwalimu. Ndiye aliyetushonea ovaroli zote za gereji hii tangu baba akiwa hai. Sasa hashoni tena. Figo zake zimekataa kazi, na mara tatu kwa wiki, Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, lazima afike hospitali kwenye mashine ya kusafisha damu. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi awe amekaa kwenye kiti. Wagonjwa ni wengi, mashine chache. Ukichelewa, kiti anapewa mwingine, na maji ambayo mashine ingeyatoa yanabaki mwilini mwako. Hospitali yenyewe iko upande wa pili kabisa wa mji. Kwa hiyo lile gari kuwaka au kutowaka halikuwa jambo la mzaha.

Kaka alikwenda dirishani. Injini ilikuwa bado inaunguruma. Mama Mwalimu, ambaye sauti yake imekuwa ndogo tangu augue, akamwambia, "Fundi, ni asubuhi tu. Asubuhi unazungusha ufunguo mpaka unakata tamaa. Likishapata joto halina neno."

"Sawa, mama, nimekupata," kaka akasema, na kutikisa kichwa.

Nilisubiri aseme lilale hapa. Hakusema. Alimwambia Mwalimu azime, kisha afungue ufunguo bila kupiga stata. Hapo ndipo pampu ya mafuta, ile inayokaa ndani ya tenki chini ya kiti cha nyuma, huvuma kidogo, sekunde mbili tu, ikisukuma mafuta yaende mbele, kisha inanyamaza. Ni sauti nyembamba. Kaka aliinama kwenye kiti cha nyuma, akafumba macho, kichwa upande. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya gari, naangalia taa moja iliyolegea.

Pampu ikavuma. Niliisikia vizuri kabisa, zzzz, ikanyamaza.

"Tena," kaka akasema.

Ikavuma tena.

Kaka akainua kichwa. "Pampu imekufa, Mwalimu. Haivumi kabisa. Inafanya kazi kwa kubahatisha. Tukiibadilisha, shida imekwisha."

Nilimtazama yule mtu niliyemwamini kuliko vifaa vyote vya dunia hii, nikaelewa kila kitu mara moja: kicheko cha kuchelewa, redio, viganja kwenye mabomba. Kaka yangu hasikii. Niliona na aibu ambayo ingemwangukia pale pale, mbele ya Mwalimu, kama ningefungua mdomo. Nikajiambia, sheria ni sheria, mteja akiondoka nitasema. Nikajiambia pia, pampu mpya haiui mtu.

Tulikuwa na pampu ya gari la aina ile kabatini. Kaka akang'oa kiti, akafungua tenki, harufu ya petroli ikajaa uwanja mzima, Mama Mwalimu akasogezewa kiti kivulini na chai. Kazi ilichukua kama saa moja. Mwalimu akawasha. Likawaka papo hapo. Lazima liwake! Gari limekuja linaunguruma, injini bado ina moto, mchana wa jua kali. Kaka akapiga makofi mara moja, akajifuta mikono.

Mwalimu akatoa simu. "Nilikuwa nimemwomba jirani mwenye teksi atupitie kesho alfajiri, tuwe na tahadhari. Nimwambie asije?"

"Mwambie alale," kaka akasema. Hilo alilisikia, maana Mwalimu ana sauti ya darasani.

Mwalimu akapiga simu mbele yangu, akamwambia jirani asihangaike, Sikio ameshatengeneza. Nilikuwa na bisibisi mkononi na taa ya nyuma nilishamaliza kuikaza zamani, lakini niliendelea kuikaza tu. Mama Mwalimu alinipungia mkono wakitoka getini. Nami nikampungia.

Kaka alipokwenda kunawa mikono kwa sabuni ya unga, niliichukua ile pampu ya zamani, nikaiunganisha na betri pale benchini. Ikavuma mkononi mwangu, nzima kama siku ilipozaliwa. Nikaichomoa haraka na kuificha nyuma ya makopo ya oili. Namba ya simu ya Mwalimu ninayo. Niliishika simu yangu, nikaliangalia jina lake, nikairudisha mfukoni. Nilijiambia labda pampu mpya imesaidia kidogo. Nilijiambia nikimpigia, atauliza kwa nini, na nikimweleza kwa nini, kesho mtaa mzima utajua, na kaka yangu atabaki nani? Funika kombe mwanaharamu apite. Ndivyo nilivyofanya, nikafunika kombe, nikaenda nyumbani nikala na nikalala usingizi.

Jumatano, saa kumi na mbili kasorobo asubuhi, simu ikaita. Mwalimu. Sauti yake ya darasani ilikuwa imekwisha.

"Binti yangu, haliwaki. Nimezungusha tangu saa kumi na moja na robo. Nilijua litawaka tu, Sikio kashalitengeneza, nikawa nazungusha, nazungusha, sasa na betri imekufa. Nimempigia kaka yako mara sita hapokei."

"Na yule wa teksi?"

"Ameshapata abiria mwingine."

Baadaye niligundua simu ya kaka ilikuwa mezani jikoni, yeye amekaa pembeni yake anakunywa chai. Wifi alikuwa amesafiri kwenda kwa binti yake. Mara sita simu imelia hatua moja kutoka kwenye kikombe chake.

Nilipanda bodaboda, betri ya akiba nimeikumbatia kifuani, kile kidude changu begani. Nilipofika, Mama Mwalimu alikuwa ameshakaa ndani ya gari, kafunga mkanda, kavaa sweta, mkoba mapajani. Miguu yake ilikuwa imevimba, viatu havikuingia, amevaa ndala. "Shikamoo, mama," nikasema. "Marahaba, mwanangu," akajibu.

Nikachomeka kifaa. Kikaniambia injini ina joto la nyuzi themanini na saba. Nikaiwekea kiganja. Ilikuwa ya baridi kama mtungi. Ndiyo hiyo basi shida yote, ilikuwa kwenye kile kisensa cha joto, kidogo tu kama kidole gumba. Injini ikiwa baridi inataka mafuta mengi ili iwake. Kisensa hiki kilikuwa kinaidanganya kompyuta ya gari kwamba injini ni ya moto tayari, nayo inaipa mafuta kiduchu. Mchana injini ikiwa ya moto kweli, uongo na ukweli vinalingana, gari linawaka. Asubuhi haliwaki ng'o. Nilikichomoa waya wake, ili kompyuta ikose pa kudanganyiwa ijikadirie yenyewe. Nikaunganisha betri. Nikazungusha. Likawaka.

Dakika nne. Niliangalia saa. Dakika nne, na kama gari lingelala gereji kama baba alivyosema, ningeyaona hayo hayo bila mtu kukaa na miguu imevimba akisubiri.

Niliendesha mimi. Sitaki hata kueleza nilivyoendesha. Tulifika saa moja na robo, kiti kimeshapewa mtu, mashine inazunguka na damu ya mtu mwingine. Muuguzi alikuwa mpole, na upole wake uliniuma kuliko angenigombeza. "Leo tumejaa mpaka jioni. Mleteni Ijumaa. Mama asinywe maji mengi. Akibanwa pumzi, msingoje Ijumaa."

Mwalimu akanishika mkono. "Umefanya uwezavyo, binti yangu. Mashine ni mashine. Mwambie kaka yako asijisikie vibaya." Nilitamani ardhi ipasuke.

Nilirudi gereji moja kwa moja. Kaka alikuwa amejilaza chini ya gari la watu. Niliigonga miguu yake mpaka akatoka. Nikaitoa ile pampu nyuma ya makopo, nikaiweka benchini, nikaiunganisha na betri. Alinitazama usoni, akatazama pampu, akanitazama tena usoni, anatafuta jibu kwangu kama mwanafunzi anayechungulia daftari la jirani.

"Inavuma?" akauliza.

"Inavuma."

Akaiwekea kiganja. "Inavuma," akasema, akaketi kwenye ndoo iliyofudikizwa. Nikamweleza ya asubuhi, yote, kwa sauti ya juu, mpaka kwenye zile simu sita. Uso wake ukawa wa majivu.

"Tangu lini, kaka?"

"Pampu? Mwaka wa tatu huu. Sauti za ndege sijui, siku nyingi zaidi. Wanawake na watoto wananipotea kabisa. Wewe tu ndiye nakupata, maana unapiga kelele." Alijaribu kutabasamu, tabasamu likamshinda.

"Na magari? Umekuwa ukiyatengeneza vipi?"

"Kwa mkono. Kwa moshi. Kwa kukisia." Akaifuta pampu kwa tambara, polepole, kana kwamba itauzwa. "Mara nyingi napatia."

Nilikasirika. Mara nyingi! Lakini nilipotaka kumrukia, akasema neno lililonikata ulimi. "Bahati mbaya jana nilipokuwa nasikiliza pampu ulikuwa kule kabatini, mdogo wangu. Ungekuwa karibu ungeisikia, ungeniambia." Yeye alidhani nilikuwa mbali. Hakuwa ameniona nyuma ya gari. Na mimi, kwa mara ya pili, nikanyamaza. Niliinama nikaanza kukusanya spana ambazo hazikuwa zimetawanyika.

Alhamisi mchana Mwalimu akapiga. Mama Mwalimu alikuwa ameamka hawezi kulala chali, anapumua kwa kukoroma, midomo imebadilika rangi. Wamemkimbiza kama dharura, wamempachika kwenye mashine, wamemlaza. Daktari anasema maji yalikuwa yameingia mapafuni. Daktari anasema zingepita saa chache tu zaidi. Mwalimu hakumalizia. Nikampasha kaka habari.

"Nakwenda kuwaambia," kaka akasema. Alikuwa ameshavua ovaroli. "Mwenyewe. Simwachii mtu anisemee."

"Twende wote," nikasema.

Wodi ilikuwa ya vitanda kumi na viwili, wanawake watupu, na ndugu zao wamejaa kwa kuwa ni saa ya kuona wagonjwa. Mama Mwalimu alikuwa kitanda cha dirishani, ameegemezwa kwenye mito mitatu, mrija wa hewa puani. Alikuwa amezeeka kwa usiku mmoja. Mwalimu alisimama atupishe kiti, kaka akakataa kukaa.

Alisema yote, akiwa amesimama, mikono nyuma. Kwa vile hasikii, hakujua anasema kwa sauti gani, na ilikuwa kubwa mno. Alisema, "Mama, Mwalimu, mimi masikio yangu yamekufa. Miaka mitatu nawaficha watu. Pampu yenu ilikuwa nzima. Sikuisikia, nikasema imekufa, nikawakataza teksi. Kosa ni langu peke yangu." Vitanda vya jirani vikakatisha mazungumzo. Mwalimu alivua miwani, akaivaa, akaivua tena. Hakusema "mashine ni mashine" safari hii. Aligeuka akatazama nje dirishani, na mabega yake niliyaona yanapanda na kushuka.

Mama Mwalimu hakumtazama kaka. Alikuwa ananitazama mimi. Tangu kaka aanze kusema alikuwa ananitazama mimi. Akanyoosha vidole vyake, vimevimba, akaushika ukosi wa ovaroli yangu ambayo nilisahau kuivua, ile aliyoishona kwa mkono wake, akanivuta kidogo.

"Wewe ulikuwa nyuma ya gari," akanong'ona. "Nilikuona kwenye kioo. Ulikuwa unajua?"

Sauti ilikuwa ndogo sana, imepita kwenye mrija na pumzi fupi. Mwalimu hakusikia. Kaka aliona tu midomo inachezacheza.

"Amesema nini?" akauliza.

Niliangalia vidole vyake ukosini mwangu.

"Amesema nini, mdogo wangu? Sikusikia. Niambie."

Ningeweza kusema amesema asante kwa kuja. Ningeweza kusema anaomba maji. Wodi nzima ilikuwa inatuangalia.

"Anauliza," nikasema, kwa sauti ya kumfikia yeye, na sauti ya kumfikia yeye inafika mpaka mlangoni, "anauliza kama nilikuwa najua."

"Ah, hapana!" Kaka alishika bega langu. "Hapana, mama, huyu hana hatia. Hakuwepo. Mwambie, mdogo wangu, mwambie hukujua. Usijibebeshe yangu."

Mkono wake ulikuwa mzito begani. Vidole vya Mama Mwalimu vilikuwa bado vimeshika ukosi.

"Nilijua, mama," nikasema, kwa sauti ileile. "Nilikuwa nyuma ya gari. Nilisikia pampu inavuma, mara mbili. Nilikusikia na wewe ukisema ni asubuhi tu. Nilimsikia Mwalimu anamkatalia mtu wa teksi. Nikanyamaza."

Mwalimu akageuka kutoka dirishani. Kaka alikuwa ananitazama mdomo, neno kwa neno. Nilipomaliza aliuondoa mkono wake begani mwangu, na hakuniomba nirudie.